Salamu za Dakika Mbili na Nusu

Baldev, mwenye duka la vitambaa, hakuwa mnywaji wa kahawa chungu. Kila asubuhi alikuja mkahawani kwa Idarous kuleta gazeti alilokwisha kulisoma, akapewa kashata moja ya asante, akarudi dukani kwake. Jumatatu ile ya Mei, mwaka 2006, aliliweka gazeti mezani, akagonga picha moja kwa kidole, akasema kwa Kiingereza chake cha Birmingham kwamba rafiki yao sasa ni mtu maarufu. Akaondoka bila hata kuikumbuka kashata.

Barnabas akalichukua gazeti, maana ndiye mwenye sauti pale kijiweni. Akasoma huku akitafsiri: Mashindano ya Nyimbo za Mataifa yaliyofanyika mjini Jumamosi yamepata mshindi. Nchi kumi na tisa zilishiriki, na kwaya zikasafiri kutoka Ujerumani na Italia. Wimbo uliowatoa majaji machozi ni wa Kifaransa, umeimbwa na Bwana Fanuel wa Ladywood, mtu mmoja peke yake, hana ngoma hana gitaa, kwa niaba ya jamii ya Afrika Mashariki.

Hapo Barnabas akaliteremsha gazeti, akawatazama wenzake. Jamii ya Afrika Mashariki ilikuwa na kamati ya mashindano hayo, kamati yenyewe ndiyo hiyo iliyokuwa imekaa pale ikinywa kahawa, na haikuwa na habari kwamba imeshinda.

Idarous, mwenye mkahawa, ndiye aliyekuwa Mwenyekiti. Alikuwa mwenyekiti wa kila kitu tangu atoke Unguja: wa mazishi, wa futari, hata wa timu ya kandanda ambayo haijawahi kupata wachezaji kumi na mmoja. Barnabas, Mkenya wa Machakos anayelea wazee huko Selly Oak, jina lake la kijiweni lilikuwa Hoja, kwa sababu hakuna sentensi aliyoianza bila kusema ana hoja ya nidhamu. Mumbua, nesi, walimwita Dripu. Maneno yake yalitoka tone moja moja, na mtu alitakiwa atulie mpaka yaishe. Fanuel, Mkongo wa Lubumbashi, hakuwa na cheo, kwani siku ya kugawana vyeo alikuwa ameenda msalani, na aliporudi vilikuwa vimekwisha. Yeye aliitwa Papaa tu.

Na Yasir alikuwa Katibu. Mtu wa Tanga, dereva wa basi, mwenye daftari jeusi ambalo ndani yake kila upuuzi uliotamkwa mezani pale uliandikwa kwa mwandiko mzuri na kuwekewa tarehe. Yasir ndiye pia aliyeutunga wimbo. Jambo hilo kamati ililifahamu, lakini ililichukulia kama mtu anavyolichukulia jina la fundi aliyejenga choo: yupo, lakini hatajwi.

"Malizia," Yasir alisema. "Mtunzi wanasemaje?"

Barnabas akashuka na kidole. "Wanasema ni wimbo wa jadi. Mtunzi hajulikani. Inawezekana alikufa zamani."

Yasir alijua kutotajwa kunavyouma, lakini hakutegemea kuuma namna ile. Akanywa kahawa iliyokwisha kupoa ili apate cha kufanya na uso wake.

Kisa cha wimbo kilikuwa hivi. Kila jamii ilipewa dakika tatu jukwaani, na Yasir alileta karatasi ya wimbo ambao mtu anamwandikia mama yake. Ulianza moja kwa moja: "Mama, ile ofisi niliyokwambia..." Hapo hapo, kwenye mstari wa kwanza wa kikao cha kwanza, Idarous alinyanyua mkono. Mtoto gani huyo, aliuliza, anamvamia mama yake na habari za ofisi hata hajamsalimia? Watu watasema Waswahili hawana adabu. Kamati nzima ikakubali, hata Yasir, kwa sababu kweli ilikuwa aibu.

Tatizo likawa ni salamu gani. Idarous alitaka shikamoo. Barnabas akasema kwao Ukambani mama akiambiwa shikamoo atadhani kijana amebadili dini, afadhali "Bwana asifiwe." Fanuel alisema kwao ni jambo tu, mama anajibu jambo, mnaendelea na maisha. Hilo lilionekana ni ufupi wa kutisha. Basi kwa ajili ya umoja zikawekwa zote. Kisha ikaonekana kwamba ukimsalimia mama lazima umuulize na afya, ukimuuliza afya lazima umuulize na majirani, na majirani wakishatajwa haiwezekani kuwaacha wagonjwa. Mumbua alipoipima kwa ile saa yake ya kubandika kifuani, salamu peke yake ilikuwa dakika mbili na nusu. Nusu dakika iliyobaki, Barnabas alisema, inatosha kabisa kwa wimbo, kwani watu wa huku hawapendi mambo marefu.

Miezi mitano, vikao kumi na kimoja, na kamati haijawahi kuvuka kwenda mstari wa pili. Kikao cha kumi na moja kilifanyika Jumamosi yenyewe ya mashindano, saa nane mchana. Kilichokuwa kimebaki ni kama marhumu baba naye asalimiwe. Fanuel aliomba ruhusa akanunue mkate. Akaruhusiwa. Idarous alikuwa akieleza kwamba wafu nao hupelekewa salamu, na aliendelea kueleza mpaka ukumbi wa mashindano ukafungwa, kisha wakakubaliana kwamba mwaka huu hawakutendewa haki.

Sasa mlango ukafunguliwa, akaingia Fanuel mwenyewe, suti ya kahawia, viatu vinang'aa, na mkate kwapani.

"Mkate wenu huu," akasema. "Munisamehe, kulikuwa foleni."

"Kaa chini, Papaa," Idarous alisema kwa sauti ya uenyekiti. "Katibu, andika. Mjumbe ameshtakiwa."

"Nimeshtakiwa nini?"

"Umeimba wimbo wa kamati bila idhini ya kamati."

"Hoja ya nidhamu," Barnabas akadakia. "Na ameshinda bila idhini. Hiyo ni mbaya zaidi, because tungeshindwa hakuna mtu angejua."

Fanuel akakaa, akavuta suruali magotini isikunjike. Akamwomba Katibu, kwa heshima zote, afungue daftari asome azimio la kikao cha kumi. Yasir akasoma: wimbo wa Kiswahili usiimbwe popote mpaka salamu ipitishwe.

"Voilà. Wimbo wa Kiswahili. Nani alisikia Kiswahili pale?" Akawatazama mmoja mmoja. "Mie nilienda kuangalia tu, kweli ya Mungu. Banaita East Africa mara ya kwanza, hakuna mutu. Banaita mara ya pili, hakuna mutu. Ile mama ya mashindano, Beverly, alitaka kutupiga musitari kwenye orodha. Alors mie nikapanda. Karatasi ya Yasir ilikuwa mufukoni, alinipatia mwezi wa tatu akasema nisome. Nikageuza Kifaransa pale pale, neno kwa neno."

"Na salamu je?" Idarous aliuliza.

"Bonjour, Maman."

"Basi?"

"Basi. Sekunde mbili."

Idarous akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyesikia habari ya msiba ulioweza kuzuilika. Mumbua, aliyekuwa ametoka zamu na macho yamemlegea, akasema taratibu kwamba... kwa maoni yake... Kifaransa kimeshinda... kwa sababu hakina kamati. Hakuna aliyempinga, kwa kuwa walikuwa wamechoka kungoja amalize.

Yasir akauliza swali ambalo ndilo pekee alilokuwa nalo. Kwa nini gazeti limemwita marehemu?

Fanuel akamtazama kwa huruma. Akamwomba afungue tena daftari, azimio la kikao cha nne. Yasir hakuwa na haja ya kufungua. Alikumbuka siku aliyoliandika, na jinsi alivyolipigia mstari kwa rula: mtunzi asitajwe jina mpaka kamati iamue vinginevyo, ili wengine wasijisikie vibaya. Mkono wake mwenyewe, wino wake mwenyewe. "Beverly aliuliza nani alitunga," Fanuel alisema. "Sheria ya kamati inanikataza kusema. Nikamwambia ni ya zamani sana. Maiti yeye alijiongezea."

Kisha akatoa bahasha ya Beverly mfuko wa ndani. Wimbo utawekwa kwenye santuri, kwa Kifaransa upande mmoja na kwa Kiswahili kama ulivyotungwa upande wa pili, na maneno yake yatachapishwa kwenye kijitabu. Kabla ya saa sita mchana Fanuel lazima arudishe fomu, na kwenye fomu palikuwa na mstari mmoja mtupu: jina la mtunzi. Saa ya ukutani ilisema saa tano na nusu.

Hapo ndipo kamati ilipoonyesha uhai ambao haikuwa nao kwa miezi mitano. Idarous alikumbusha kwamba adabu yote ya wimbo ule ilitoka kwake, na wimbo bila adabu ni kelele. Akaambiwa adabu yake haikuimbwa. Akasema haikuimbwa lakini ilikuwepo, ilikuwa chini chini, msikilizaji mwenye akili aliisikia. Barnabas alidai kwamba ni yeye aliyeshauri neno "Mama" litamkwe polepole, kwa hivyo angalau neno la kwanza ni mali yake. Mumbua alisema hana makuu, aandikwe tu... kama aliyepima muda.

"Wewe, Katibu, mbona huongei?" Barnabas aliuliza. "Uko sawa hapo?"

Yasir hakuwa sawa. Ukweli ni kwamba hakuwahi kumwambia mtu yeyote wimbo ule ulikuwa unasema nini, na sababu yake ilikuwa huko Tanga, mtaa wa Makorora, jina lake Bi Asmahan. Mama yake alijua kwamba mwanawe ni mkuu wa usafiri jijini Birmingham, ana ofisi, na chini yake wako watu wengi. Alimwambia hivyo miaka minne iliyopita, wiki ya kwanza ya kazi, na mama akacheka kwa furaha mpaka akakohoa. Baada ya hapo haikuwezekana kurudi nyuma. Kila simu ofisi iliongezeka kitu: meza, kisha kiti cha kuzunguka, kisha katibu muhtasi.

Wimbo aliutunga mwisho wa njia, Kingstanding, akisubiri muda wa kugeuza basi, ili siku moja amwambie ukweli bila kumwambia. Na kila kikao kilipoahirishwa Yasir alikasirika hadharani, lakini akiwa peke yake alishukuru Mungu. Aliona haya kulikiri hilo hata moyoni. Sasa jina lake likiandikwa kwenye fomu, binamu yake wa London, ambaye hutuma Tanga kila kitu mpaka vipeperushi vya dukani, angehakikisha kijitabu kimefika Makorora kabla ya mwezi kuisha. Jina lisipoandikwa, basi yeye ni marehemu, na wimbo ni wa jadi, na mama ataendelea kucheka.

Fanuel akagonga kalamu mezani. "Bon. Mutu anasema wimbo ni wake, aniimbie ubeti wote. Kwa Kiswahili."

Idarous akakohoa, akaimba, "Shikamoo mama, za asubuhi, za tangu juzi, jirani hajambo..." akaendelea hivyo kwa muda mrefu, akafika kwa marhumu baba, akakwama. Barnabas akasema "Mama" polepole, vizuri kweli, na baada ya hapo hakuwa na kitu. Mumbua alitikisa kichwa tu.

Yasir akanyanyua mkono.

"Subiri zamu, Katibu," Idarous alisema kwa mazoea.

"Nimesubiri," Yasir akasema, na akaimba akiwa amekaa, macho kwenye kikombe:

*Mama, ile ofisi niliyokwambia ina matairi sita,*
*kiti kimoja tu ni changu, na hakigeuki nyuma.*
*Walio chini yangu hushuka kila nikishika breki,*
*mmoja hunishukuru, tisa hawanioni.*
*Nilikudanganya, Mama, kwa kuwa ulicheka,*
*nami nikashindwa kukunyang'anya kicheko.*

Birika lilikuwa likichemka jikoni na hakuna aliyeinuka kulizima. Barnabas, ambaye kwao Machakos anajulikana kama daktari wa wazee, alikuwa akiangalia viatu vyake. Idarous alikuwa amegeukia dirisha. Ndugu zake wa Unguja huuliza kila mwaka hoteli yake ina vyumba vingapi, na yeye hujibu kwamba bado wanajenga. Mumbua peke yake, ambaye kweli ni nesi, alikuwa analia bila kujificha.

Idarous akajifuta macho kwa ncha ya kanzu. "Wallahi huo ndo wimbo," akasema. "Sasa weye Katibu, ikiwa unao wimbo kama huo, kwa nini miezi mitano ukituletea ule mwengine?"

"Ni huo huo, Mwenyekiti."

"Haiwezekani. Tungeupitisha siku ile ile."

Yasir akataka kucheka, akashindwa, kisha akacheka. Fanuel alikwisha kuishika kalamu juu ya mstari mtupu, lakini Yasir akaufunika kwa kiganja. Akasema bado. Mama hawezi kuyasoma mambo haya kwenye kijitabu cha binamu. Saa ilikuwa sita kasorobo. Idarous, bila kuulizwa, akakwangua kadi ya simu aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya Unguja, akabonyeza tarakimu zake ndefu, akamsogezea Yasir simu ya mkahawa na kuifungulia spika. Kwa nini aliifungulia spika hajawahi kueleza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Baridi? Wenzio hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, nina neno la..."

"Shikamoo, bibi!" Idarous aliinamia simu, na Bi Asmahan akaitikia, akamuuliza wa kwao Unguja, na Idarous akamjibu mtu mmoja mmoja kuanzia mtaa wa Malindi. Barnabas naye akaona si vizuri mama wa mwenzake apite bila kusalimiwa. Mumbua akamuuliza miguu yake, na miguu ilikuwa na historia ndefu. Fanuel alisema "Jambo, Mama," akajibiwa "Jambo, baba," akaachia hapo, na Yasir akampenda sana wakati ule. Mama ndipo akaanza kutoa salamu za Makorora. Alikuwa amefika kwa fundi cherehani wa msikitini ilipoingia sauti ya mwanamke wa kadi, ikasema kwa Kiingereza kwamba imebaki dakika moja.

"Mama, sina ofisi," Yasir akasema. "Sijawahi kuwa na ofisi. Mimi ni dereva wa basi."

"Basi kama hili la Korogwe?"

"La huku, Mama. La abiria. Lina ghorofa."

"Lina nini?"

"Ghorofa. Watu wanakaa chini, na wengine wanapanda ngazi wanakaa juu."

"Juu ya nani?"

"Juu yangu, Mama. Mimi niko chini naendesha."

"Na linakwenda? Na watu wakiwa juu?"

"Linakwenda. Watu sabini na kitu."

Kukasikika kiti kikisukumwa, kisha sauti ya mama ikitokea mbali na simu, ikimwita jirani kwa nguvu. "Mwanamize, hebu njoo usikie. Yasir anaendesha ghorofa. Ndiyo, ghorofa, na watu wamo ndani." Halafu akarudi kwenye simu, na sasa alikuwa amekasirika kweli kweli. "Miaka minne, Yasir. Miaka minne nawahadithia watu habari za meza na kiti, kila mtu hapa ana mtoto mwenye meza, kumbe wewe..."

Simu ikakatika.

Yasir akavuta fomu, akaandika mwenyewe jina lake kwa mwandiko ule ule wa daftari, na mbele yake, ingawa fomu haikuuliza, akaongeza: dereva. Fanuel akaitia ndani ya bahasha, akatoka mbio akiwahi saa sita. Barnabas alibaki akiichezea ile kadi iliyokwisha, akiigeuza huku na huku. Mwishowe akauliza, bila kusema ana hoja yoyote, kadi kama ile inauzwa wapi.